Chura Aliyegeuzwa

Nilifagia ofisi ile miaka sita, na nitasema kweli: meza ya mtu wa kompyuta ni chafu kuliko choo chake. Choo mtu anakionea haya. Meza hapana. Nimefuta kucha zilizotafunwa, nywele, makombo yaliyoota ukungu katikati ya vibonye, na vioo vyenye matone ya mate, maana wengine huongea na kompyuta kama wanaongea na mke. Na wote wamekaa. Asubuhi wanaingia wanakaa, saa nane nikija na ndoo yangu nawakuta palepale, kama waliopandwa.

Mmoja wao alikuwa mwanangu, kitinda mimba wangu. Kazi yake ilikuwa kuingiza fomu za wateja kwenye kompyuta. Alipofikisha mimba ya miezi saba miguu ilimvimba. Ukibonyeza kwa kidole, shimo linabaki. Muuguzi wa kliniki akamwambia mbele yangu, "Kila nusu saa simama, tembea dakika tano. Damu ikiganda mguuni itakuua, na mtoto naye."

Lakini yeye akishaangalia kioo hasikii saa wala njaa. Ndipo kaka yake, fundi redio tunayemwita Koleo, akasema, "Mama, niachie mimi."

Akatengeneza chura. Ngozi aliikata kwenye buti kuukuu la mvua, la kijani. Macho ni vifuniko vya chupa. Ulimi ni utepe mwekundu. Waya ulitoka tumboni ukaenda kwenye kibati chembamba chini ya mto wa kiti. Ukikaa nusu saa, chura anakoroma kama mtu anayetoa kohozi, ulimi unachomoza, na hanyamazi mpaka unyanyue makalio. Lile dude lilinichefua tangu siku ya kwanza. Lakini binti yangu alicheka mpaka tumbo likacheza, akasimama, akatembea. Baada ya siku chache miguu ikaanza kupungua. Nikamsamehe chura sura yake.

Ofisini wakampenda. "Mjomba anakuita," walimwambia binti yangu chura akikoroma, "nenda kampokee!" Na wao wakapata kisingizio cha kujinyoosha.

Meneja akaja kumtazama. Alikuwa mtu wa tabasamu, yule. Hata akikukata mshahara meno yote yako nje. Akamgeuzageuza chura, akamwita Koleo, wakajifungia kwenye chumba chake cha kioo. Baada ya wiki mbili kila kiti kilikuwa na chura wake. Nikamshukuru Mungu, nikasema, kumbe na huyu ana moyo.

Siku hiyo hiyo nilikuwa napiga deki karibu na dirisha. Binti yangu akainuka kutembea. Hajafika mlangoni, chura wake akaanza: krooo, krooo. Binti akarudi kukaa, chura akanyamaza. Akainuka tena; chura akakoroma. Meneja akachungulia kutoka kwenye kioo chake, akatabasamu.

Ndipo nikaelewa. Zamani chura alimlilia aliyekaa. Sasa anamlilia anayeinuka.

Jioni nikamkuta Koleo kwangu, anakula, midomo inang'aa mafuta.

"Umemgeuza wewe?"

"Nyaya mbili tu, mama. Unachomoa hapa, unachomeka hapa." Alisema kwa fahari, kama mtoto anayeonyesha jino lililong'oka. "Mimi ni fundi. Mteja akitaka suruali fupi, fundi anakata."

"Hata mguu wa dada yako ukiwa ndani?"

"Mama nawe! Chura akilia, Meneja anampa dakika moja kabla ya kumkata mshahara. Choo kiko palepale."

"Muuguzi alisema tano."

Akachovya tonge. Marehemu baba yake hakuacha shamba wala nyumba, lakini sikuwahi kumsikia akisema maneno ya namna ile huku anatafuna. Chakula kilinishinda. Nikaondoka nikasali, na sala yenyewe ilikuwa chungu kama nyongo.

Wiki ikapita, miguu ya binti yangu ikawa magogo. Viatu vikamkataa, akaenda kazini na ndala. Nikamwambia aache kazi.

"Nikiacha sasa, likizo ya uzazi imekwenda, mama. Zimebaki wiki tano. Nitavumilia."

Mchana ule ule akaninong'oneza, jasho linamtiririka, "Mguu mmoja umeanza kufa ganzi. Jaza ndoo yako maji uniwekee kitini, chura adhani nimekaa. Yule mwenzetu wa dirishani huweka dumu la maji akitoka."

Nikaitazama ndoo. Nilitamani, Mungu anajua. Lakini uongo ni uongo, hata ukiwa wa maji.

"Ndoo hapana," nikasema. "Inuka."

"Atalia."

"Inuka, mwanangu."

Akajivuta pembeni, na kabla mto haujapumua nikaketi mimi. Kiti kilikuwa na joto na unyevu, makombo yananichoma mapajani, harufu ya jasho la siku nzima. Mbele yangu chura amekodoa vifuniko vyake. Hakusema neno. Binti akatoka kwenda koridoni, ndala zikapiga pa, pa, pa.

"Mama kapandishwa cheo!" mmoja akasema, wakaangua kicheko. Mlango wa kioo ukafunguka.

"Mama, unafanya nini hapo?" Meneja, meno nje.

"Nimekaa."

"Hicho ni kiti cha mfanyakazi."

"Na mimi nafanya kazi. Chura wako anataka makalio, ameyapata. Hakuuliza ni ya nani."

Mtu akapaliwa na chai. Kwa mara ya kwanza meno ya Meneja yalirudi ndani.

"Inuka. Na umwite binti yako arudi sasa hivi."

"Dakika tano zikitimia."

"Nitakufukuza kazi!"

"Nifukuze, baba. Lakini nikiinuka huyu atakoroma, na mwanangu atarudi mbio, na miguu ile haiwezi mbio. Kwa hiyo nifukuze nikiwa nimekaa."

"Umefukuzwa!"

"Haya."

Yule wa dirishani, mtu mzima ambaye sikuwahi kumsikia akisalimia, akasema bila kubandua macho kwenye kioo cha kompyuta yake, "Nusu saa ijayo nitakaa mimi hapo. Chura wangu alie atakavyo."

Meneja akamtazama yeye, akanitazama mimi. Kule nje ndala zilifika mwisho wa korido, zikageuka. Nikakunja mikono juu ya ule uchafu wa mezani, nikaendelea kukaa.