Siku Dunstan Alipofuta Maumivu

"Taarifa kwa wanadamu wote! Kuanzia leo, maumivu yamefutwa duniani."

Ndivyo Dunstan alivyotangaza juu ya kitanda cha bweni, shuka limemning'inia mabegani kama joho. Maabara yake ilikuwa nyuma ya vyoo. Mtambo ulikuwa tyubu ya baiskeli ya mpishi, na mpishi hakuwa na habari.

Mgonjwa alikuwa Amri, mtoto wa wakulima wa kijiji cha Lionja. Jumamosi alitakiwa Ruangwa kurusha tufe, mashindano yake ya kwanza, na mkono ulikuwa unamuuma.

"Tunabana damu, unanyanyua ndoo, mkono unasahau kuuma," Dunstan alieleza.

"Kweli, kaka?"

"Nimewahi kukudanganya?"

"Juzi tu."

"Yale yalikuwa mazoezi."

Alhamisi jioni Amri akafungwa tyubu juu ya kiwiko, akanyanyua ndoo ya maji mpaka mishipa ikamsimama. Dunstan akamchoma mwiba.

"Sisikii sana!" Amri akacheka. "Dawa inafanya kazi!"

Dunstan akanuna. Alikuwa amewaahidi wenzake yowe, na bweni zima lilikuwa limejibanza kwenye ukuta wa vyoo kulisubiri. Akamfunga Amri kitambaa machoni, akaponda maganda mabichi ya korosho, akamkamulia mafuta yake mkononi. Alisikia tu kwamba yanaunguza. Yeye, mtoto wa karani aliyehamishwa kutoka Songea, hakujua kwamba huunguza taratibu.

Amri kimya. Dunstan akaongeza. Kimya. Akapaka mpaka begani, watazamaji wakaanza kuondoka wakimzomea. Miezi ile sabuni ilikuwa haionekani wilaya ya Nachingwea nzima, basi akajifutia vidole kwenye majani, kisha akajifuta jasho la pua.

Jumamosi gwaridani, mkono wa Amri ulikuwa umevimba kama mhogo, malengelenge yamepasuka, ngozi imekuwa nyeusi. Lori la Ruangwa lilikuwa linanguruma getini.

"Nani kafanya hivi?" Mwalimu Auleria aliuliza.

Amri akauficha mkono mgongoni. Asingemtaja mtu.

"Huenda ni mbu, Mwalimu," Dunstan akasema kwa huzuni kubwa. Mistari yote ikacheka.

Mwalimu akamsogelea taratibu. "Na pua yako, Dunstan? Mbu huyo huyo?"

Dunstan akaigusa. Ilikuwa imevimba, nayo ilitoa maji. Hakuna aliyecheka tena. Lori likaondoka, Amri akilitazama mpaka vumbi likatulia.

"Ni mimi," Dunstan akasema. "Nilitaka apige yowe. Hakupiga, nikaongeza."