Kadi ya Picha na Zizi la Nyangwine

Alhamisi saa tatu asubuhi, Elieth alikuwa ameinama juu ya kompyuta aliyoinunua mnadani kwa wapima ardhi, akiipuliza vumbi kwa pampu ya baiskeli. Duka lake lilikuwa senta ya Nyarero, ubavuni mwa mashine ya kusaga. Bibi Wegesa alikaa kwenye kreti ya soda akisubiri kitu kimoja tu: picha ya boma lake, iliyopigwa na ndege ndogo ya wapimaji kabla halijabomolewa.

Dhahabu ilikuwa imeonekana chini ya boma hilo. Mumewe, mzee Nyangwine, baba yake Mseti, alikuwa ameshafariki kabla ndege hiyo haijapita, akazikwa zizini, kama wanavyozikwa wenye maboma katika ukoo wao, bila saruji wala msalaba, na ng'ombe wakapita juu yake mpaka ardhi ikawa sawa. Wapimaji walitafuta saruji, hawakuiona, wakaandika: kaburi, hakuna. Jumatatu katapila za mgodi zingeanza kuchimba hapo hapo, na Wegesa alitaka mzee ahamishwe kwanza kwa heshima zake, picha iwe ushahidi wake.

Kompyuta za watu wengine Elieth huzifuta na kuziwekea Windows, mambo yakaisha. Hii ilitumia mfumo mwingine, Linux, na kuifuta ni kuifuta picha ya boma iliyomo ndani. Shida ilikuwa kadi ya picha, ile inayochora vitu kwenye kioo. Kila alipoiwasha, maandishi meupe yalishuka mbio, kisha kioo kikawa cheusi tii. Akajaribu draiva ya bure, programu ya kuiendesha kadi hiyo. Boma likatokea, ila kwa kukatakata. Mzee Nyangwine alikuwa zizini, amekaa kwenye kigoda, anakamua. Mkono ulikuwa juu, halafu chini, katikati haupo.

"Ni yeye," alisema Wegesa. "Lakini hakuwa na kigugumizi cha mikono."

"Hiyo siyo yeye, bibi. Ni draiva."

Elieth aliizuia draiva ile, akapakua ya watengenezaji wa kadi kwa bando la simu yake. Ikakataa mara mbili, haikulingana na toleo la mfumo. Mara ya tatu ikakubali, akazima, akawasha. Sasa maziwa yalishuka bila kukatika, moshi ukapanda jikoni, na mzee akainua uso, akawatazama, akaonyesha kwa kidole chini ya kigoda chake. Midomo yake ilicheza, lakini draiva ya sauti ilikuwa bado.

Ijumaa waliipakia kompyuta kwenye bodaboda mpaka ofisi ya Simoni, afisa wa fidia wa mgodi. Simoni ni mtu wa adabu zake. Alitoa shikamoo mbele ya kioo, akamtazama mzee akikamua mpaka ndoo ikajaa.

"Mama, huyu anakamua," alisema. "Anayekamua siyo marehemu. Na asiye marehemu hana kaburi."

"Simoni, si ulikuja matangani? Ulikula ugali pale kwangu siku tatu."

"Nilikuja, mama, na nilimlilia. Lakini fomu ya makaburi ina saruji, ina mawe, ina hakuna."

Hakuandika chochote, maana ile hakuna ilikuwa imeshaandikwa. Aliwasaidia kuibeba kompyuta mpaka nje.

Jumatatu katapila zilifika saa moja kamili. Kufikia mchana zizi lilikuwa shimo, na udongo wake ulipakiwa pamoja na mawe ya dhahabu kwenda kusagwa. Roho ilimuuma sana Elieth, na kwa kuwa hakuwa na la kufanya, alikaa siku nzima akihangaika na draiva ya sauti.

Jumanne asubuhi ikakubali. Kwanza alisikika ng'ombe. Kisha mzee Nyangwine akaweka ndoo chini, akauliza kwa sauti yake ya siku zote:

"Wameshakuja kuliona kaburi?"

Wegesa alisogeza kreti karibu na kioo, akakaza kitambaa chake kichwani.

"Bado, baba Mseti," alisema. "Wewe kamua tu."