Mkono wa Selina Uliobaki Juu

Mkutano wa mtaa wa Mawe Matatu uliitishwa saa nne asubuhi, Jumamosi ya pili ya mwezi wa tatu, ukaanza saa sita kasorobo. Watu walikaa juu ya jiwe pana lililo nyuma ya ofisi ya serikali ya mtaa. Siku nyingine juu ya jiwe hilo huanikwa dagaa, kwa hiyo kila anayehudhuria mkutano hurudi nyumbani akinuka dagaa, na ndivyo wake kwa waume walivyothibitishiana kwamba kweli walikwenda. Mwenyekiti, Mzee Mashimba, alikuwa na kiti cha plastiki. Mtendaji wa mtaa, binti mmoja aitwaye Hellen, alikaa pembeni yake na daftari kubwa la mihtasari mapajani. Jua lilikuwa kali. Ziwa lilionekana lote kutoka pale, na wanawake walikuwa wamekuja na madumu matupu, wakitumaini bomba la chini litafunguliwa mkutano ukiisha.

Agenda ya nne ilihusu kiwanja cha wazi kilicho chini ya kilima, kando ya barabara. Mwenyekiti alisema kuna mwekezaji amekiomba ajenge maduka. Siku hiyo ilikuwa taarifa tu, akasema, uamuzi utafanyika baadaye. Wakazi wa chini wakapiga makofi, kwa sababu waliahidiwa vibanda. Wakazi wa juu walitazamana. Njia yao ya kushukia ni ngazi za mawe zilizopangwa na wazee wao kwa mikono, na ngazi hizo hutokea katikati ya kiwanja hichohicho.

Selina akanyoosha mkono. Alikuwa fundi cherehani, akiishi juu kabisa ya kilima na mama yake, Dorotea, mwenye kidonda cha kisukari mguuni. Kila Alhamisi majirani wawili, Nathaniel na Muhidin, humbeba Dorotea kwenye kiti cha mbao, mmoja mbele na mmoja nyuma, wakimshusha kwa ngazi hizo mpaka barabarani ili apelekwe kliniki kuoshwa kidonda. Kidonda kikikaa muda mrefu bila kuoshwa, daktari alisema, mguu utaoza. Swali la Selina lilikuwa fupi, na alikuwa amelifanyia mazoezi tangu alfajiri: maduka yakijengwa pale, mama yangu atapita wapi?

"Nimekuona, Selina," alisema mwenyekiti. "Tuanze na wazee."

Mzee Mayala akapewa nafasi, akazungumzia mbuzi. Alieleza mbuzi wa nani wamekula mchicha wa nani tangu mwaka juzi, akataja rangi zao, na alipomaliza mbuzi akaanza na kuku. Mtu mzima haambiwi kaa chini. Ilipofika saa nane mwenyekiti alitazama saa, akasema muda haukuwa rafiki, wenye maswali wayatunze. Mkutano ukafungwa kwa sala mbili, moja ya Kikristo na moja ya Kiislamu, watu wakajipangusa, wakaondoka.

Selina alijaribu kuushusha mkono, ukakataa. Aliuvuta kwa mkono wa kushoto, wapi. Hakusikia maumivu yoyote. Basi akabeba dumu lake kwa mkono uliobaki, akapanda nyumbani. Bomba nalo halikufunguliwa.

"Hawajakupa nafasi," alisema Dorotea alipomwona mlangoni.

"Bado, mama."

"Umefuata ukoo wa baba yako. Shangazi yako wa Misungwi alisimama foleni ya mbegu za pamba mpaka msimu ukaisha, magoti yakagoma kukunja. Alikuwa analala kaegemea mlango." Akamwambia ainame apite vizuri, asije akang'oa pazia.

Watu wakamzoea kabla wiki haijaisha. Tabu ilikuwa kwa waendesha bodaboda, maana kila alipotembea barabarani walikuwa wanasimama wakidhani anaita, naye anaomba radhi, mpaka wakamjua wakaacha. Muhidin, ambaye redio yake ilikuwa haishiki vizuri kule juu, aliomba kufunga waya kwenye kidole cha Selina wakati wa mpira, na Selina akakubali kwa ujirani mwema. Kazini ndiko kulikouma. Miguu ilikuwa inakanyaga cherehani kama kawaida, lakini kwa mkono mmoja hakuweza kugeuza kitambaa kwenye kona, kwa hiyo alibaki kushona vitu vilivyonyooka tu, mashuka na mapazia. Wenye sare za shule na magauni ya harusi wakahamia kwa mafundi wengine. Hakuwalaumu, ila usiku ule wa kwanza bila kazi alilia, akafutia machozi begani.

Tabibu wa kliniki alimpima presha kwenye mkono wa kushoto, akaugusagusa wa kulia, akaandika kwenye cheti: mkono uko juu. Alisema hilo si jambo la hospitali, mkono umenyooshwa kwenye mkutano halali wa mtaa na utashushwa hukohuko. Selina akaenda ofisi ya mtaa.

Hellen alimkaribisha, akamvutia benchi. Alikuwa mtu mwema, amechoka. Ofisi yake haikuwa na umeme tangu Krismasi, na barua za utambulisho aliziandika kwa mkono mpaka vidole vikaota sugu.

"Dada Selina, hata mimi naumia," alisema. "Ungekuwa umekuja na swali ofisini, ningelipokea ofisini. Sasa umeliuliza mkutanoni."

"Sijaliuliza. Nimenyoosha tu."

"Ndiyo. Liko wazi." Akafungua daftari, akamwonyesha mstari aliokuwa ameuandika mwenyewe kwa wino: maswali yaliyobaki, moja, limenyooshwa.

Alimshauri aandike pia barua. Selina aliandika kwa mkono wa kushoto, siku mbili nzima. Barua ilirudi baada ya wiki tatu na maelezo kwamba sahihi haifanani na ile ya kwenye orodha ya wakazi, mwombaji aje asaini upya kwa mkono wake wa kawaida.

Mkutano wa mwezi wa tano haukufanyika, mwenyekiti alikuwa na msiba Usagara. Wa mwezi wa saba walikuja watu kumi na wanne, na Mzee Mashimba akasema hakuna akidi, penye wengi hapaharibiki neno, tusubiri wengi. Mzee Mayala alikuwepo siku hiyo na alitaka kuendelea na kuku, akakatazwa. Selina alikaa juu ya jiwe mpaka wote walipoondoka, kisha naye akaondoka. Kila Alhamisi aliendelea kutangulia mbele ya kiti cha mama yake kwenye zile ngazi, akionya mahali penye utelezi, na Nathaniel anayeshika mbele alizoea kuufuata mkono wake kuliko kutazama miguu.

Mwezi wa tisa akidi ikatimia. Kulikuwa na uvumi kwamba vitagawiwa vyandarua, na jiwe likajaa watu mpaka wengine wakasimama kwenye nyasi. Vyandarua havikuwepo. Mwenyekiti hakupoteza muda. Alisema agenda ni moja, kuridhia kiwanja cha chini kipewe mwekezaji, na kwamba kura itapigwa kwa mikono kama ilivyo desturi ya mtaa huu tangu uanzishwe.

"Mwenyekiti, shikamoo," alisema Selina. "Mimi nina swali. Ninalo tangu mwezi wa tatu."

"Marahaba, mwanangu. Maswali baada ya kura. Haraka haraka haina baraka." Akawageukia watu. "Wanaokubali wanyooshe mikono."

Hellen alisimama akahesabu, akinyoosha kalamu kwa kila mmoja. Alipofika kwa Selina kalamu ilisita, kisha ikaendelea. Wakazi wa chini hamsini na saba walikuwa wamenyoosha, na mkono wa Selina ukawa wa hamsini na nane.

"Wasiokubali."

Wakazi wa juu walinyoosha, hamsini na saba. Nathaniel alinyoosha, na Muhidin pia. Mkono wa Selina ulikuwa juu vilevile, lakini Hellen aliupita.

"Huyo umemwacha," alisema Nathaniel.

"Ameshahesabiwa," alisema Hellen kwa sauti ndogo.

"Amehesabiwa wapi?"

"Kwenye waliokubali."

"Mtu hapigi kura mara mbili," alisema mwenyekiti. "Hilo hata mtoto analijua." Akatangaza kwamba kiwanja kimeridhiwa kwa kura moja zaidi. Hellen akaandika. Alikuwa anatumia wino, na muhtasari wa mtaa haufutwi.

Hapo ndipo Mzee Mashimba, ambaye hakuwa mtu wa chuki, alimgeukia Selina na kumwambia nafasi yake imefika, aulize. Wengi walikuwa wakilingoja swali hilo muda mrefu, wengine hata walikuwa wamewekeana dau la soda kuhusu litakavyokuwa.

"Maduka yakijengwa pale," alisema Selina, "mama yangu atapita wapi?"

"Swali zuri sana," alisema mwenyekiti, na sura yake ilionyesha kwamba anasema kweli. "Ungeliuliza mapema tungelijadili. Sasa kiwanja kimeshapita, na wewe mwenyewe umo kwenye waliokipitisha. Lakini limepokelewa. Hellen, andika limepokelewa."

Mkono wa Selina ukashuka. Ulishuka polepole, ukatua mapajani, na yeye akautazama. Ulikuwa umekonda, ngozi imekauka kwa jua la miezi sita, na vidole vilikataa kukunjana. Alihisi hasira, halafu hasira ikampita akabaki na uchovu tu, uchovu wa mtu aliyepanda na dumu mpaka juu ndipo akagundua lina tundu.

Nathaniel na Muhidin walikuwa wamenyoosha mikono kwa pamoja, wakitaka kujua imekuwaje mtu ahesabiwe kwa jambo alilolikataa. Mwenyekiti aliwaona wote wawili. Alisema muda haukuwa rafiki, wenye maswali wayatunze. Sala zikasomwa. Watu wakajipangusa, na wale wawili wakapanda kilima na mikono yao juu, mmoja wa kulia na mmoja wa kushoto, wakizungumza habari za mpira.

Jumatano mabati ya bluu yalisimamishwa kuzunguka kiwanja. Mafundi walifanya kazi nzuri, hawakuacha hata upenyo wa kuku. Alhamisi asubuhi Nathaniel na Muhidin walifika kwa Dorotea kama kawaida, wakamwamkia mayu, yaani mama, kama walivyomwita siku zote, wakaingia kwa kuinama ili mikono isigonge kizingiti.

Njia iliyobaki ilikuwa ya nyuma ya kilima, kati ya mawe mawili makubwa, mahali ambapo hata mbuzi hupita kwa ubavu. Nathaniel alishika kiti mbele kwa mkono mmoja. Muhidin alishika nyuma kwa mkono mmoja. Selina alishika ubavuni kwa mkono wake wa kushoto, maana wa kulia ulikuwa haujaweza kushika hata kikombe. Kiti kile kinahitaji mikono minne. Walikwenda hatua kumi na moja, kiti kikalala upande, wakakinyoosha, wakaenda nyingine nne. Dorotea alikuwa ameshika jiwe kwa kucha zake asidondoke.

"Nirudisheni," alisema. "Mtaniua bure."

Wakamrudisha. Wakazi wengine wa juu walikuwa wameshatoka, wenye nguvu walikuwa ziwani au mjini kutafuta riziki, na waliobaki walikuwa wazee na wenye watoto mgongoni. Alhamisi iliyofuata walijaribu tena, wakafika mahali palepale.

Hellen alipanda siku hiyo jioni, akihema, na bahasha ya kaki, akamkuta Nathaniel bado yuko pale. Ndani mlikuwa na barua yenye muhuri inayosema swali la Ndugu Selina limepokelewa na linafanyiwa kazi. Aliisoma kwa sauti kwa sababu Dorotea haoni vizuri. Kisha akasema, bila kuombwa, kwamba alikuwa ameipigia simu kliniki kwa simu yake mwenyewe. Kliniki ilimjibu kuwa muuguzi hapandi mlima kwenda kuosha kidonda. Daktari hupanda kwa dharura tu, na kidonda cha kuoshwa si dharura mpaka kiwe cha kukatwa.

"Mimi ndiye niliyehesabu," alisema Hellen. Machozi yalimtoka, hakuyaficha. "Niliona, dada Selina. Niliona kabisa. Ila mkono ulikuwa juu."

"Ulikuwa juu," alisema Selina. Alimpa maji ya kunywa, kikombe kimoja, yaliyokuwa yamebaki kwenye dumu.

"Mkutano mwingine lini?" aliuliza Dorotea.

"Mwezi wa kumi na moja, bibi. Akidi ikitimia."

Dorotea alifunua shuka, akautazama mguu wake uliokuwa juu ya kigoda. Kitambaa cha kidonda kilikuwa kimelowa, nzi walikuwa wanatua. Aliutazama muda mrefu, kama mtu anayetazama mzigo wa mwenzake.

"Basi uacheni," alisema. "Ukifika pa kukatwa, daktari atapanda. Na ukitoka huu, nitakuwa mwepesi. Mikono mitatu itanitosha."

Nathaniel alisogea pale kiti kilipokuwa, akakiinua kikiwa kitupu kwa mkono wake mmoja, akakipima uzito, akakirudisha sakafuni taratibu.

"Itawezekana, mayu," alisema.