Jina la Eliona kwenye Marejeo

Primus alirudi kwao Kilema akiwa amenuna. Utafiti wake wa chuo kuhusu mbege, pombe ya ndizi, ulikuwa na ukurasa mmoja tu wenye uhai, ule wa kutambua ndizi zilizoiva sawasawa kwa kunusa kikonyo, na ndio huo mwalimu wake, Bi Rozmin, aliotaka autoe. Alikuwa ameandika "wazee wa Kilema wanasema", basi. Bi Rozmin alimuuliza kama wazee hao hawana majina, akamwambia alete jina la aliyesema au aufute.

"Shikamoo, Bibi. Nataka kukuandika kwenye marejeo. Yale ya kunusa ndizi ni ya kwako, sivyo?"

"Ya nani tena?" Bibi Mektrida alijiweka sawa kitini kama anayepigwa picha. "Andika jina lote. Atasoma nani?"

"Nitauwasilisha utafiti wangu mbele ya darasa zima. Hata Elinipendo yupo, mjukuu wa Bibi Eliona."

Bibi akaacha kumenya ndizi. Bibi Eliona alikaa ng'ambo ya mfereji, na wawili hao hawakuwa wamesalimiana tangu walipogombania zamu ya maji. Kumbe ujuzi wote ule Bibi aliupata kwake, enzi wote wawili walipokuwa wameolewa karibuni.

"Ni ya Eliona," alisema hatimaye. "Futa."

"Nikifuta, Bibi, utafiti umekufa. Na siwezi kumwandika yeye bila kumwomba."

Bibi alimtazama mjukuu wake, akamwonea huruma, akajionea haya. Akanyanyuka akinung'unika, akachuma jani la isale mpakani, akavuka mfereji. Primus alimfuata na kompyuta yake. Jani la isale ni la kuomba msamaha, na likiletwa halikataliwi, lakini Bibi Eliona naye kichwa chake kigumu.

Bibi Eliona alilipokea, akaelezwa habari ya marejeo huku akiligeuzageuza bila haraka yoyote. Alikuwa anafaidi, wala hakuficha.

"Kwa hiyo ninaandikwa mimi?"

"Wewe ndiye uliyenifundisha," alisema Bibi Mektrida kwa sauti ndogo.

Primus alikwisha kufungua kompyuta. "Niandikeje, Bibi?"

"Andika nilimfundisha Mektrida. Halafu andika kwamba mbege yake ikawa tamu kuliko yangu. Hilo nalo nimelisema mimi, weka jina langu."

Primus akaandika, akawasomea. Bibi Mektrida alijifuta macho kwa ncha ya kitenge.

"Hebu rudia hapo mwisho," alisema. "Huyu mwenzangu hasikii vizuri."