Trekta Lililoshibishwa

Ukitaka kumjua mtu mkaidi wa kupenda, nenda Mpwapwa ukamuulizie Loisi, mwenye mashine ya kusaga nyuma ya soko. Mwanamke yule hawezi kuona kitu kimepungua akakiacha. Sahani ya mgeni ataijaza tena wakati mgeni ameshanawa mikono. Na injini ya mashine yake, kuukuu, inayokunywa oili kama mlevi, hajawahi kuitilia oili kwa kufuata alama. Huijaza mpaka mdomoni, kwa sababu ikifika jioni itakuwa imekunywa yote. Miaka kumi na tisa haijamfia. Mwambie amekosea, uone.

Mumewe, Sila, alikuwa mfyeka nyasi wa shule ya wasichana iliyo njia ya kwenda Kibakwe. Alifyeka uwanja ule tangu ujanani, hadi magoti yakasema basi. Masika hii wafadhili wakaleta trekta dogo la kukatia nyasi, la kukalia, jekundu, limetumika lakini zima. Mkuu wa shule, Madam Naima, akamwita Sila ofisini akamweleza bila kuzunguka. Mkataba wake ulikuwa unaisha mwezi ule. Akiweza kulitunza trekta na uwanja ukapendeza kwa mahafali ya Jumamosi, atapata mkataba mpya wa miaka miwili kama dereva wake. Likimfia mikononi, shule itakodi kampuni ya usafi kutoka Dodoma, naye mzee akapumzike. Apumzike! Neno hilo lilimkwama Sila kooni kama ugali wa jana.

Oili iliyokuwamo ilikuwa nyeusi tii, ikabidi ibadilishwe, na hapo kila mtu akageuka fundi. Vijana wa bodaboda walimwapia kuwa oili ya pikipiki haina mpinzani. Dereva wa basi la shule akapendekeza yake ya dizeli. Loisi naye akamshangaa mumewe kutaka kutoa hela, ilhali dumu la namba arobaini limejaa pale mashineni, oili nzito, ya kuhimili joto. Penye wengi hapaharibiki neno, wanasema. Injini je? Inaharibika vizuri tu.

Sila akaenda kwa Bashiri, muuza spea, Mrangi mpole asiyeuza kitu kabla ya kuuliza. Bashiri akataka kujua kibandiko kilicho chini ya kiti kinasemaje. Sila hakuwa amekiona. Alirudi shuleni kwa miguu, akapangusa vumbi, akanakili kwenye kiganja: namba thelathini, lita moja na nusu, usivuke alama. Bashiri alifurahi kukiona kile kiganja. Akamfafanulia kwamba injini ile ndogo haina maji, inapozwa na upepo, na kwa joto letu namba thelathini inaitosha kabisa. Ya mashine ya kusaga ni nzito mno kwake. Tena oili ikizidi, itapenya kwenye moto na kufuka moshi. "Iachie nafasi ya kupumua, mzee wangu," alisema.

Alhamisi jioni Sila akamwaga ile chafu, akatia mpya, akachomoa kijiti cha kupimia mara nne. Ilikuwa palepale kwenye alama. Usiku huo alilala kama mtoto.

Ijumaa asubuhi aliitwa stoo kubeba viti vya mahafali. Huku nyuma Loisi akaja na chai ya mumewe na viazi vya kuchemsha, akalikuta trekta liko peke yake. Akachomoa kijiti, maana kijiti cha injini anakijua kama anavyoujua mwiko wake. Akaona oili imekomea katikati, nyepesi, ya rangi ya asali. Moyo ukamuuma. Masikini mzee wangu, akawaza, kabana hela na kesho ataaibika mbele ya watu. Akaenda mashineni, akarudi na jagi la namba arobaini, akalijaza trekta mpaka mdomoni. Aliondoka kimya, na raha ya mtu aliyetoa sadaka.

Saa nne Madam Naima akatoka na walimu wenzake kutazama. Sila akapanda, akawasha. Jamani, moshi! Mweupe, mzito, ukafunika hadi mlingoti wa bendera, wasichana waliokuwa wakifanya mazoezi ya kwaya wakaacha kuimba wakaanza kukohoa. Trekta likapiga chafya mbili, likazima.

Sila akachomoa kijiti. Oili ilikuwa imepanda hadi juu kabisa, imekuwa nzito, na harufu yake aliijua, kwa sababu khanga zote za nyumbani kwake hunuka vile. Hasira zilimpanda, nisikufiche. Alitamani aende mashineni akagombe soko zima lisikie.

"Mzee Sila," Madam Naima akauliza taratibu, "nani ametia oili hii?"

"Mimi."

Madam akaitoa simu yake mfukoni. Kisha akamwambia kwamba anasikitika, ila itabidi awapigie simu wale wa Dodoma waje leo hii.

Mpishi wa shule alikuwa akipeleka debe lake la mahindi mashineni, akaifikisha habari kwa Loisi mzima mzima. Loisi akaizima mashine huku foleni ya ndoo ikiwa imefika barabarani. Alikimbia hadi kwa Bashiri, na umri ule, akatoka na oili ya namba thelathini pamoja na maelekezo. Alipofika shuleni alimkuta mumewe amepiga magoti, anafungua nati ya kumwagia. Hakumsalimu. Alikinga beseni, akaipokea plagi ya kuwashia iliyolowa oili akaifuta kwa khanga yake mpaka ikang'aa. Sila alikuwa amepanga maneno makali, lakini aliuona unga wa mashine bado umemganda mkewe nyusini, akayaacha.

"Nililiona kama lina njaa," Loisi akasema.

Sila akajibu kwamba anajua. Akatia oili mpya, akakoma kwenye alama. Loisi akakitazama kijiti, akauma mdomo, akauliza kama haiwezekani kuongeza kidogo tu. Sila akamwambia hata tone.

Trekta likawaka. Likatoa moshi kidogo, ukapungua, ukaisha, na injini ikatulia. Madam Naima akatoka ofisini na simu mkononi. Kabla Sila hajafungua kinywa, Loisi alishatangulia mbele yake.

"Madam, aliyeharibu ni mimi. Mume wangu alitia sawasawa. Nimekosea."

Miaka thelathini na minne ya ndoa, Sila hakuwahi kulisikia neno hilo likitoka kwa Loisi, sembuse mbele za watu. Madam akamgeukia mzee, akamuuliza kwa nini alidanganya ilhali alijua uongo ule unampotezea kazi.

"Kazi ikipotea nitarudi nyumbani, Madam," Sila alisema. "Mke wangu akiaibishwa, huko nyumbani nitarudi kwa nani?"

Madam Naima aliitazama simu yake, akaitia mfukoni. Akamwambia uwanja uwe umekatwa kabla jua halijazama, na Jumatatu asubuhi aje asaini.

Machozi yakamtoka Sila, mzee mzima. Loisi akamfuta kwa ncha ya khanga, akasahau kwamba ndiyo aliyofutia plagi, akamchora mstari mweusi kutoka jichoni hadi ndevuni. Wasichana wakacheka hadi wakashikana mabega. Sila hakuuliza wanacheka nini. Alipanda trekta akakata uwanja wote na mstari wake usoni, na kila alipofika kwenye pembe aliyosimama Loisi, alipunguza mwendo.