Shingo ya Fenesi

Mdogo wangu alikuwa fundi wa kupiga rangi magari, na wenzake gereji walimwita Fenesi kwa sababu ya shingo yake. Ndevu zilijikunja zikarudi ndani ya ngozi, zikawa vipele vigumu vyenye usaha. Hata hivyo alinyoa kila asubuhi, maana barakoa ya mpira ya kuzuia sumu ya rangi haishiki penye ndevu. Alinyoa kavu, kinyume na nywele zilivyolala, wembe ukipita mara mbili tatu. Kola zake nilizifua mimi, kwa maji baridi, kwa kuwa maji ya moto huigandisha damu.

"Dada, leo fenesi limeiva," aliniambia siku moja akijitazama kwenye kioo. Alicheka, lakini machozi yalikuwa yanamlengalenga.

Nikaenda kumuuliza kinyozi wa mtaani kwetu. Alinieleza taratibu, nami sijasahau hata neno: kwanza kitambaa cha maji ya moto, ndevu zilainike. Povu jingi. Wembe mpya, ufuate nywele zinakoelekea, upite mara moja tu, na ngozi usiivute.

"Na kama vipele havikomi," alisema, "aache wembe kabisa. Apitishe mashine, abakize kidogo. Nywele ikiwa na urefu wake hairudi ndani."

Nikamnunulia mashine. Mwezi haujaisha, shingo ikapona. Akaanza kuacha wazi kifungo cha juu cha shati. Dada wa dukani akamuuliza kama yule mwenye vipele ni pacha wake.

Jioni moja, tukiwa tunakula, akasema, "Ila barakoa inavuja, dada. Nikivuta pumzi nasikia harufu ya rangi."

"Sana?"

"Kidogo."

"Basi kaza mikanda. Ukirudia wembe utaharibu kazi yote."

"Sawa, bosi."

Akakaza. Alikuwa akirudi nyumbani na alama za mikanda mashavuni, nami nikishukuru kwamba alama ni hizo tu.

Kikohozi kilianza kama mchezo. Kufikia mwezi wa tano hakuweza kupanda ngazi nne za mlangoni bila kukaa. Daktari alisema ni rangi, imemharibu mapafu.

Wodini walimvika barakoa ya hewa. Ikawa inapiga mluzi kidevuni.

"Hewa inapotea," nesi aliniambia. "Mnyoe. Mpaka kwenye ngozi."

Nikalowesha kitambaa, nikapaka povu la sabuni, nikafuata nywele. Nesi akapitisha kidole, akatikisa kichwa. Basi nikaivuta ngozi, nikarudi kinyume, mara mbili, mara tatu, mpaka vitone vya damu vikatokeza.

Mdogo wangu akasema kwa taabu, "Kinyozi atakugombeza."

"Nyamaza, Fenesi." Sikuwahi kumwita hivyo kabla.

Nesi akamrudishia barakoa. Mluzi ukakoma.

Vipele vyake siku zote vilitoka siku ya tatu baada ya wembe. Nilikaa pale nikiomba vitoke. Asubuhi na jioni nilipitisha kidole chini ya kidevu chake, nikivitafuta.

Siku ya pili, saa nane mchana, nesi aliivua barakoa, akafunga hewa, akamfumba macho. Nikapapasa tena. Shingo ilikuwa laini.