Dawa Aliyoiogopa Mama Ève

Déborah alifungua kifuniko cha tyubu, akaitazama, nusura aitupe dirishani. Wiki mbili zilikuwa zimepita tangu ampe Laetitia, mke wa mdogo wake Jéthro, dawa ile ya kumpaka mtoto. Kile kiwambo cha bati mdomoni mwa tyubu kilikuwa kizima. Hakijatobolewa hata kwa sindano.

"Mama Ève," alisema polepole, kwa sauti ya mtu anayejizuia, "hii pomade ulimupakaa mutoto mara ngapi?"

"Kidogo tu, yaya," Laetitia alimjibu dada mkubwa wa mumewe.

"Kidogo namna gani? Haiyafunguliwa!"

Laetitia aliinamisha kichwa. Mapajani mwake Ève, mtoto wa mwaka mmoja na nusu, alikuwa akijisugua shavu kwenye kitenge cha mama yake bila kupumzika. Katika makunjo ya viwiko na nyuma ya magoti ngozi ilikuwa imevimba, imekuwa nyeusi na ngumu kama ganda, na juu yake mikwaruzo mibichi ya kucha. Ukurutu, mara ya tatu tangu mvua zianze.

Déborah alikuwa muuguzi kwa miaka kumi na moja katika zahanati ndogo ya upande wa reli, hapo Kamina. Malaria ilikuwa haimchoshi, wala kuhara, wala vidonda vya majembe. Kilichomchosha ni kusema jambo moja, kulirudia, kuitikiwa "ndiyo, munganga," halafu kukuta halikufanyika.

"Bamama ba kwaya banasema inakulaka ngozi," Laetitia alisema. "Banasema mutoto atabakia na ngozi kama karatasi."

"Ile ya nguvu njo inakulaka, kama unaipakaa miezi na miezi! Hii iko ya chini kabisa. Mara moja kwa siku, siku chache, ngozi ikipoa unaacha. Nilikuambia ao sikukuambia?"

"Uliniambia."

"Sasa?"

"Niliogopa."

Chumba kilikuwa na joto. Laetitia alisogeza kitambaa cha kichwani ili ajifute jasho, na mwanga wa dirisha ukamwangukia usoni. Kwa miaka miwili watu walikuwa wakimsifu kwamba amekuwa mweupe, anang'aa, na Déborah mwenyewe, kwa haraka za salamu, hakuwahi kutazama vizuri. Sasa alitazama. Mashavu yalikuwa mekundu, na ndani yake mishipa myembamba ilitambaa kama nyuzi. Kuzunguka mdomo, vipele. Paji la uso liling'aa kama mfuko wa plastiki uliovutwa.

"Unapakaa nini ku uso?"

"Mafuta tu."

"Mafuta gani? Nionyeshe."

Laetitia alisitasita, kisha akaichomoa kutoka mkobani: tyubu nyingine, imekunjwa hadi nusu. Aliinunua kwa Mwepu, anayeuza nywele za bandia na manukato sokoni. Déborah alisoma herufi ndogo, akazisoma tena. "Hii na ya mutoto inatoka mu famiye moja," alisema. Ilikuwa dawa ya jamii ileile na ya mtoto, ila hii ilikuwa ya nguvu kuliko zote, ile ambayo daktari huitoa kwa ngozi ngumu ya miguu na kwa muda mfupi.

"Unaipakaa mara ngapi?"

"Asubui na mangaribi."

"Tangu?"

"Tangu ndoa ya Lise." Lise alikuwa shoga yake, na ndoa hiyo ilikuwa imetimiza miaka miwili na miezi kadhaa.

Hapo subira ya Déborah ilikatika. "Mutoto mwenye kuumwa unamunyima ile ya watoto, na weye mwenye hauumwe unajipakaa ile ya tembo! Utanimaliza, Mama Ève! Tupa hii kitu! Leo! Usiiguse tena!"

Nje, benchi zima la wagonjwa lilisikia. Laetitia alijifunga mtoto mgongoni, akatoka bila kuaga. Tyubu ya Ève ilibaki mezani.

Saa sita mchana Jéthro alipiga simu. Alikuwa mwalimu, mtu asiyejua kupandisha sauti. "Yaya, umemupatisha bibi yangu haya mbele ya bantu."

"Na weye, macho yako iko wapi? Hauone uso yake?"

Jéthro alikata simu. Déborah alifunga bendeji ya mgonjwa aliyefuata kwa nguvu mpaka yule mzee akaguna.

Siku nane baadaye Jéthro alipiga tena. Uso wa Laetitia ulikuwa unawaka. Hata maji yalimchoma.

Déborah alijua mara moja. Mtu aliyepaka dawa kali vile kwa miaka miwili haambiwi aache ghafla halafu aende nyumbani peke yake. Anapelekwa kwa daktari, anashushwa hatua kwa hatua, anaangaliwa. Alijifunza hayo shuleni, na aliwafundisha wengine. Lakini siku ile hakuwa anafundisha, alikuwa anapiga kelele.

Alipanda pikipiki. Alimkuta Laetitia chumbani, pazia limefungwa, uso umevimba na kubambuka, macho madogo.

"Niliitupa, yaya," Laetitia alisema. "Mu choo. Ulisema nitupe."

Miaka yote hiyo Déborah alikuwa akilalamika kwamba wifi yake hasikii neno. Alikuwa amesikia mara moja tu, na mara hiyo moja ndipo neno lenyewe lilikuwa bovu. Alikaa ukingoni mwa kitanda.

"Kosa iko yangu," alisema. "Haikukuwa ya kuacha vile. Nilikasirika, sikukuelezea. Unisamehe. Twende ku hospitali."

Laetitia aliinuka akatafuta viatu.

Hospitalini, daktari Amédée Kabange alimpima shinikizo la damu, akamuuliza kama anasikia kizunguzungu au udhaifu, akatazama mashavu na mikono. Alisema ngozi imezoea dawa na sasa inadai. Yeye mwenyewe angemshusha taratibu kwa dawa dhaifu zaidi, na kila baada ya wiki arudi aonwe. Sabuni za manukato basi, mafuta yawe vaselini tupu. Kupona kungechukua miezi, na baadhi ya mishipa huenda isifutike.

Walipokuwa wakingoja karatasi ya dawa, Laetitia alisema, "Sasa unaona njo maana niliogopa ya mutoto? Inatoka mu famiye moja. Ulisema weye mwenyewe."

Jibu kali lilimfika Déborah kwenye ulimi, akalimeza. Kwa kweli mwanamke huyu alikuwa ameuliza jambo la maana, na hakuna aliyewahi kumjibu.

"Moto ya kupika bukari iko moto," alisema. "Moto ya kuunguza mashamba iko moto. Utakataa kupika juu shamba ya jirani iliungua?"

Laetitia alifikiri. "Hapana."

"Basi."

Jioni ile nyumbani kwa Laetitia, Déborah, aliyekuwa ameipitia tyubu ya Ève zahanati, alishika kidole cha shahada cha Laetitia, akakamua mstari wa dawa kutoka nchani hadi kwenye kiungo cha kwanza. "Hii inaenea nafasi ya viganja mbili vya mutu mukubwa. Usizidishe, na usipunguze juu ya woga." Laetitia aliipaka kwenye viwiko na nyuma ya magoti, utandu mwembamba, huku Ève akipiga mateke. Baada ya nusu saa, vaselini mwili mzima. Kisha akanawa mikono.

Siku ya nne mtoto aliacha kujikuna. Siku ya saba ngozi ilikuwa laini. Siku ya nane simu ililia.

"Yaya, sasa niendelee kila siku ili isirudie?"

"Hapana!" Déborah aliruka kitini. Wagonjwa wakageuka. Alishusha sauti, akauma meno. "Hapana, Mama Ève. Vaselini njo ya kila siku. Hii dawa, usubiri mpaka ukurutu irudie."

Uso wa Laetitia ulitulia kiangazi kilipoingia. Rangi yake ya zamani ilirudi, na nyuzi nyekundu chache zikabaki mashavuni. Hakuzifunika.

Mwezi wa saba, vumbi likiwa limekausha kila kitu, Déborah aliwapelekea samaki wakavu waliotoka Bukama. Alimbeba Ève, akamkunja kiwiko kwa mazoea ya kazi. Safi, ila alama nyepesi.

"Ilirudia wiki mbili zenye zilipita," Laetitia alisema, akichambua samaki. "Nilipakaa siku tano, ikapoa, nikaacha."

"Na haukuniambia?"

"Ungepiga kelele."

Neno hilo lilikuwa kweli, na jambo hilo likamkasirisha Déborah kuliko yote yaliyotangulia. Alimweka mtoto chini, akavuta kigoda, akaanza kuchambua samaki naye.